Kutoka Pesa ya Shaba hadi Sarafu ya Mtandao: Historia ya Malipo na Maneno Yake katika Maduka Madogo ya Nairobi

1. Utangulizi

Wanahistoria wa uchumi wa Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya reli, benki na mazao ya biashara. Wataalamu wa lugha nao wameandika mengi juu ya maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka lugha nyingine. Lakini mahali ambapo mambo hayo mawili hukutana, yaani kwenye meza ya duka dogo, hapajapewa uangalifu unaostahili. Na hapo ndipo neno jipya la fedha hupimwa. Serikali yaweza kulitangaza, kampuni yaweza kulinadi, lakini mpaka muuza unga alikubali mkononi mwa mnunuzi, neno hilo halijawa na maana kamili.

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi wenye maduka madogo wa Nairobi, katikati ya jiji na katika vitongoji vya upande wa magharibi kama Kawangware, Kangemi na Kibera, walivyozipokea au kuzikataa namna mpya za malipo tangu mji huo ulipoanza mwaka 1899 hadi siku hizi ambapo wachache wao hupokea sarafu za mtandao. Hoja yetu ni kwamba mwenye duka hapokei chombo cha malipo kwa sababu ya upya wake, wala hakikatai kwa sababu ya ugeni wake. Hukiuliza maswali matatu. La kwanza: je, chaweza kugawanyika hata kikalingana na bidhaa ndogo ninayoiuza? La pili: je, yule ambaye mimi nami hununua kwake atakipokea? La tatu: kikiharibika, nani atajibu? Tutaona kwamba maswali hayo yamebaki yale yale kwa muda wa zaidi ya karne moja, ijapokuwa vyombo vimebadilika. Mwishoni tutajaribu kuonyesha kwamba istilahi iliyoenea leo ya sarafu hizo mpya, yaani "sarafu fiche", humfunika mwenye duka macho katika swali la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote.

2. Pesa, thumuni na rupia

Neno "pesa" lina asili ya Kihindi. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, ambayo 64 zake zilifanya rupia moja. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake mwaka 1882, na Kampuni ya Imperial British East Africa ikatoa zake za Mombasa mwaka 1888. Sarafu zote mbili zilichorwa mizani. Alama hiyo haikuwa pambo tu. Ilimwambia mnunuzi kwamba yuko mtu aliyesimama nyuma ya kipande kile cha shaba, na kwamba mtu huyo ameahidi uadilifu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Kiswahili hakikulichukua jina la sarafu kubwa likawa jina la fedha zote. Hakikusema "rupia" wala "reale" kwa maana ya mali ya kununulia. Kilichukua jina la sarafu ndogo kabisa, ile ambayo mtu maskini aliishika kila siku, kikalipanua. Neno "fedha", ambalo asili yake ya Kiarabu ni madini yenyewe, lilibaki katika lugha ya ofisi na ya vitabu. "Pesa" likawa la sokoni. Ni dhahiri basi kwamba swali la kwanza la mwenye duka, lile la kugawanyika, limeandikwa ndani ya lugha yenyewe.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, rupia ya Kihindi ilikuja nayo. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka katika soko lililoitwa Bazaar, na mitaa ya Biashara na River Road ikakua kutokana na biashara hiyo. Wengine, kama Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916, walikuwa na maduka mengi kando ya reli hadi Uganda. Neno "duka" lenyewe ni ushahidi wa historia hiyo, kwa kuwa lilitufikia kwa kinywa cha Mhindi. Pamoja nalo lilikuja neno "hundi", yaani karatasi iliyomwezesha mfanyabiashara kulipwa Mombasa au Unguja fedha ambazo hakuzibeba njiani. Hundi haikuwa na mlinzi wala askari. Thamani yake ilikuwa sahihi ya mtu anayejulikana.

Kisha yakafuata mabadiliko ya haraka. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, ofisi yake ikiwa London. Mwaka 1920 rupia ilifungwa kwenye kiwango cha shilingi 2, ikaletwa florini, na kabla watu hawajaizoea florini ikaja shilingi mwaka 1921. Mabadiliko hayo yaliamuliwa mbali na meza ya duka. Mwaka huo huo wa 1921, bei za mazao zilipoanguka na walowezi wakiilalamikia thamani mpya ya rupia, waliamua kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Na malalamiko juu ya upunguzaji huo ni miongoni mwa mambo yaliyoipa nguvu harakati ya Harry Thuku mjini Nairobi.

Lugha iliyahifadhi mabadiliko hayo kwa namna ya ajabu. Katika pwani, "thumuni" ilikuwa sehemu ya nane ya reale, kama neno lenyewe la Kiarabu lisemavyo. Reale moja ilikadiriwa kuwa karibu rupia 2. Rupia ilipofanywa shilingi 2, thumuni ya reale ikaangukia karibu na senti 50. Reale ilitoweka, rupia ikatoweka, lakini wakazi wa Nairobi waliendelea kuiita nusu shilingi "sumuni", ijapokuwa nusu si sehemu ya nane ya kitu chochote walichokuwa nacho mfukoni. Watawala walibadilisha chombo mara tatu; mwenye duka alishikilia kipimo. Hii ndiyo sababu tunasema kwamba majina ya fedha hayafuati amri. Hufuata mazoea ya mikono.

3. Daftari la madeni

Haitoshi kutazama sarafu peke yake, kwa maana sehemu kubwa ya biashara ya duka dogo haikuendeshwa kwa sarafu. Iliendeshwa kwa daftari. Mfanyakazi hulipwa mwisho wa mwezi, ilhali tumbo halingoji mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mwenye duka huandika jina, bidhaa na kiasi, na mnunuzi huondoka na unga wake. Daftari hilo ni namna ya fedha, kwa sababu limemwezesha mtu kununua; lakini ni fedha isiyoweza kuvuka mtaa, kwa sababu dhamana yake ni ujirani.

Serikali ya kikoloni iliingilia uhusiano huo. Kuanzia mwaka 1903 kulikuwa na sheria iliyozuia biashara ya mkopo pamoja na Waafrika, na mwaka 1948 ilitungwa sheria nyingine ya kuidhibiti mikopo hiyo. Maana yake, mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika kupita kiasi kidogo kilichowekwa, bila ya kibali, hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hizo zilimlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa mengine. Mwenye duka wa Kiafrika alishindwa kupata bidhaa kwa mkopo kutoka kwa muuza jumla wa Bazaar, akalazimika kununua kidogo kidogo kwa taslimu, na kwa sababu hiyo akauza kwa bei ya juu. Hapa tunaliona swali la tatu likiwa limejibiwa vibaya kwa makusudi: sheria ilitangaza kwamba ahadi ya Mwafrika haina wa kuijibia.

Baada ya uhuru mipaka ya jiji ilipanuliwa, na sehemu za Dagoretti, ambazo zamani zilikuwa katika eneo lililotengewa Wakikuyu, zikawa vitongoji vya Nairobi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungulia raia sehemu za biashara ambazo awali zilishikwa na wasio raia. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ilianza kazi, na shilingi ya Kenya ikachukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki. Lakini Kawangware na Kangemi ziliendelea kuishi kwa daftari. Kadhalika yalitokea mazoea ya kuuza kwa vipimo vidogo kabisa, mafuta ya kupikia ya kikombe na sukari ya kijiko, ambayo watu wa Nairobi huyaita "kadogo". Mara kwa mara chenji ilikosekana, na mnunuzi akarudishiwa peremende au kiberiti. Peremende hiyo haikuwa mzaha. Ilikuwa fedha iliyotungwa na mwenye duka pale fedha ya Serikali ilipokuwa kubwa mno kwa bidhaa yake.

4. Simu kama mkoba

Katika miaka ya 2000 simu za mkononi zilienea upesi. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma iliyoitwa Sambaza, ambayo ilimwezesha mtu kumgawia mwingine muda wa maongezi. Watu hawakukawia kugundua kwamba kinachoweza kugawiwa chaweza pia kulipia. Muda wa maongezi ukawa njia ya kumlipa mtu wa mbali, bila ya tangazo lolote la kuupa cheo cha fedha.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya. Benki Kuu ilikuwa imetoa barua ya kutopinga, wala haikuwapo bado sheria mahususi ya malipo ya namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2008 aliyekuwa Kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliamuru huduma hiyo ikaguliwe. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ilikuwa salama. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilipitishwa mwaka 2011, yaani miaka minne baada ya watu kuwa wamekwisha kuamua. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, na mwenye duka akapewa nambari yake ya kupokelea malipo, ambayo huibandika ukutani kwa rangi ya kijani.

Tukiyarudia maswali yetu matatu, tutaona kwa nini M-Pesa ilipokelewa. Yule wa mbele, yaani muuza jumla wa Marikiti au wa River Road, naye aliipokea. Mdhamini alijulikana: wakala yuko jirani, ofisi iko mjini, na fedha za wateja huwekwa katika akaunti za amana benkini, shilingi kwa shilingi. Katika kugawanyika tu ndipo ilipolegea, kwa kuwa ada ya kutuma ilikuwa mzigo mkubwa kwa malipo madogo, na mtu wa kadogo aliiona zaidi kuliko mtu wa vitu vikubwa. Jina nalo lilisaidia. Waasisi wake hawakutunga neno. Waliliweka herufi moja mbele ya neno la shaba lililotumika na watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

5. Pesa za mitaa: kutoka Bangladesh hadi Gatina

Kabla sarafu za mtandao hazijafika katika vibanda vya Nairobi, lilifanyika jaribio jingine ambalo lingefaa kujulikana zaidi. Mwaka 2010, katika sehemu ya Kongowea mjini Mombasa, yalianza majaribio ya karatasi za malipo zilizoitwa Eco-Pesa. Mwezi Mei 2013 zikafuata Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, zikiongozwa na Will Ruddick na kundi ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Grassroots Economics. Wafanyabiashara wadogo wa mtaa, wauza mboga, mafundi wa nguo, wauza maji, walijiunga, wakadhaminiana, wakapewa vocha za thamani ndogo ndogo ili wauziane wao kwa wao wakati shilingi zinapoadimika.

Kabla ya mwezi huo kwisha, Ruddick na wenzake watano walikamatwa. Ilitiliwa shaka kwamba vocha zile zilikuwa fedha za bandia, na hata kwamba zilihusiana na harakati za kujitenga kwa pwani. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huo huo. Ni tukio lenye funzo kubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Kwa wanachama, karatasi ile ilikuwa daftari la madeni lililotolewa rafuni likapewa miguu. Kwa polisi, karatasi yoyote iliyoandikwa "pesa" na isiyotoka Benki Kuu ilikuwa jinai. Ugomvi wenyewe, kwa hakika, ulikuwa juu ya maana ya neno moja.

Baada ya kesi kuondolewa, jaribio lilihamia Nairobi. Mtaa wa Gatina, ulioko Kawangware, ulianzisha Gatina-Pesa mwaka 2014. Kangemi-Pesa ikafuata mwaka 2015. Na Kibera nayo ikawa na Lindi-Pesa. Mwenye duka wa Gatina alizipokea kwa mnunuzi, akazitumia kwa kinyozi, na kinyozi akazitumia kwa mama mboga. Zilijibu vema swali la kwanza, maana zilitungwa kwa ajili ya vitu vidogo. Zilijibu vema hata la tatu, kwa sababu mdhamini alikuwa jirani anayeonekana kila asubuhi, kwa desturi inayokaribiana na ile ya ngwatio ya Wakikuyu, ambapo watu hulimiana mashamba kwa zamu. Zilikwama katika la pili. Muuza jumla wa Marikiti si mkazi wa Gatina. Mwenye duka ambaye mali yake yote hutoka nje ya mtaa angeweza kupokea vocha kwa kadiri tu ya mahitaji yake ndani ya mtaa. Zikizidi hapo zilimlalia. Mama mboga, fundi na muuza maji, ambao sehemu kubwa ya wanayoyahitaji yamo mtaani, walikuwa na nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo neno "mwenye duka" lisichukuliwe kuwa na maana moja. Pana tofauti kati ya anayeuza jasho lake na anayeuza mali ya mwingine.

Kuanzia mwaka 2018 vocha hizo zilihamishwa kutoka karatasi hadi daftari la kompyuta, zikaitwa Sarafu, na mtu aliweza kuzituma kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza nambari fupi. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, wakati wa maradhi ya korona, makumi ya maelfu ya watumiaji waliandikwa katika daftari hilo, wengi wao katika mitaa maskini ya Nairobi na vijiji vya pwani. Hivyo basi, sarafu ya mtandao iliyopokelewa na wenye vibanda wengi wa Kenya kwa malipo ya kila siku haikuwa bitcoin. Ilikuwa ahadi ya majirani, iliyoandikwa kwa mashine mpya.

6. Bitcoin mjini na mitaani

Bitcoin ilianza kutumika Januari 2009. Ni daftari linalowekwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, bila ya benki wala serikali, na kanuni yake huweka kikomo cha sarafu milioni 21. Nairobi iliifahamu mapema. Mwaka 2013 Elizabeth Rossiello alianzisha hapa kampuni ya BitPesa, ambayo iliitumia bitcoin kama daraja la kupitishia fedha kutoka nchi za nje hadi shilingi. Mara nyingine tena neno la shaba liliazimwa. Mwaka 2015 Safaricom iliikatia huduma kampuni ya Lipisha, iliyokuwa ikiipitishia BitPesa malipo, kwa hoja kwamba BitPesa haikuwa na idhini ya Benki Kuu. Kampuni hizo mbili zilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Desemba 2015 mahakama ikakataa kuamuru huduma zirudishwe wakati kesi ikiendelea. Mwezi huo huo Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kwamba bitcoin na zinazofanana nayo si fedha halali nchini Kenya, na kwamba hakuna wa kuwalinda zikipotea.

Onyo hilo lilikuwa jibu la wazi kwa swali la tatu: hakuna atakayejibu. Mabadiliko ya thamani nayo yalilithibitisha. Mwezi Novemba 2021 bitcoin moja ilifikia karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka hadi kama dola 16,000. Mwenye duka ambaye faida yake katika pakiti ya unga ni shilingi chache hawezi kustahimili mshuko wa namna hiyo. Mshahara wa ofisini huweza kuungoja mwaka. Mfuko wa unga hununuliwa tena kesho kutwa.

Pamoja na hayo, kuanzia mwaka 2022 shirika la AfriBit Africa lilianza kazi Kibera, katika kijiji cha Soweto West. Vijana wanaokusanya taka walilipwa kwa bitcoin, na wauza mboga, wenye vibanda na waendesha bodaboda wakafundishwa kuipokea kwa simu. Malipo hupitia mtandao wa Lightning, ambao ada yake ni ndogo sana hata kwa malipo ya shilingi chache, na bitcoin moja hugawanyika katika vipande milioni 100. Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa kikamilifu kuliko wakati wowote tangu pesa ya shaba, na baadhi ya wenye vibanda husifu jambo hilo hasa: kwamba ada ya malipo madogo imeondoka. Kwa swali la pili, mbinu imekuwa kuigeuza bitcoin kuwa shilingi za M-Pesa pindi muuza jumla anapohitaji kulipwa. Maana yake, wa mbele haipokei bitcoin; hupokea shilingi, na bitcoin hukomea njiani. Swali la tatu limebaki wazi. Anayeweka akiba yake yote humo amejidhamini mwenyewe, na akiupoteza ufunguo wake hana ofisi ya kuiendea.

Mfano wa mjini unaonyesha hatari ya upande mwingine. Mapema Agosti 2023 watu wengi walipanga foleni katika jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za mtandao zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Wengi walizigeuza kuwa shilingi mara moja. Tarehe 2 Agosti Serikali ilisimamisha zoezi hilo, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili zilizokusanywa zifutwe. Watu wale hawakuipokea sarafu. Waliuza macho yao kwa shilingi, na sarafu ilikuwa risiti tu. Tusihesabu foleni ile kuwa ushahidi kwamba Nairobi imezikubali sarafu za mtandao.

Sheria ilifuata nyuma, kama ilivyofuata nyuma ya M-Pesa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa. Ile ya mwaka 2025 ikaiondoa kodi hiyo na badala yake ikatoza ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Mwezi Oktoba 2025 ikatiwa sahihi sheria ya watoa huduma za mali hizo, inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuwasimamia. Tangu hapo mwenye duka anaweza angalau kuuliza: huyu anayenigeuzia sarafu kuwa shilingi, ana leseni?

7. Suala la istilahi

Hapa ndipo wajibu wetu sisi wanalugha unapoanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kibanda wa Kangemi huzifahamu kwa njia ya redio na magazeti, katika maneno ambayo waandishi wa habari huyateua kwa haraka. Neno lililoenea ni "sarafu fiche".

Neno hilo lina kasoro mbili. Kwanza, kilicho fiche ni ufunguo na taaluma ya maandishi iliyotumiwa kuulinda, wala si sarafu. Daftari kuu la bitcoin liko wazi kwa mtu yeyote duniani kulisoma. Ni wazi kuliko daftari la benki yoyote. Malipo ya Lightning hayaonekani humo moja moja, lakini hiyo ni sifa ya njia, si ya sarafu. Mwenye duka anayesikia "fiche" huelewa mojawapo ya mambo mawili: ama ni jambo la magendo, hivyo alikimbie, ama ni jambo lisiloonekana, hivyo halitamfikia mtoza kodi. Yote mawili ni makosa, na la pili laweza kumtia hasarani. Pili, neno hilo linakusanya chini ya paa moja vitu ambavyo kwa mwenye duka vina tofauti kama ya usiku na mchana.

"Sarafu" lenyewe ni neno zuri. Asili yake ya Kiarabu ni kubadilishana fedha, na kubadilisha ndilo jambo la kwanza mwenye duka analolitaka. Tunapendekeza libaki, na ya jumla iitwe "sarafu ya mtandao". Kisha zigawanywe si kwa mashine zao bali kwa wadhamini wao. Ile ya Gatina iitwe "vocha ya jamii", kwa maana wanaojibu ni majirani. Zile ambazo kampuni fulani imeahidi kuzikomboa kwa dola ziitwe "sarafu za dhamana", na mtu aulize dhamana ya nani. Bitcoin na mfano wake ziitwe "sarafu zisizo na dhamana". Sifa hiyo si tusi. Wapo wanaoipenda bitcoin kwa sababu hiyo hasa, kwamba hakuna serikali wala kampuni inayoweza kuifuta. Lakini anayeipokea na aipokee akijua, na neno limwambie.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya malipo katika duka dogo la Nairobi si historia ya watu waliochelewa kuelewa. Mwenye duka aliielewa thumuni vizuri zaidi kuliko Bodi iliyoketi London. Aliuona muda wa maongezi kuwa fedha kabla ya waliouuza hawajauona hivyo. Na Gatina waliunda daftari la pamoja kabla halijapata kompyuta ya kuliandika. Palipokuwa na hasara, haikutoka katika ujinga wake. Ilitoka mahali ambapo neno lilimwahidi mdhamini asiyekuwapo, au sheria ilimnyima mdhamini aliyekuwapo, kama ilivyotokea mwaka 1948 na tena mwaka 2013.

Istilahi za fedha kwa hiyo zisiachiwe kamati za kompyuta wala wauzaji peke yao. Kamati za lugha ziliwahi kutupa maneno ya fizikia na ya bunge; ni haki ya muuza unga wa Kawangware kupewa maneno yatakayomwezesha kuuliza, kabla hajapokea, swali ambalo babu yake alilijibu kwa kuitazama mizani iliyochorwa kwenye shaba.